Mkate wa Safari Ndefu

Mazungumzo ya redioni. Somo: 1 Wafalme 19:1-8

Leo twapenda kuzungumza na wagonjwa wa saratani walio katika matibabu, pamoja na wale wanaowauguza.

Katika parishi yetu, upande wa Taita, yuko mama mmoja anayetibiwa saratani ya titi. Kila baada ya majuma matatu huamka alfajiri, hupanda matatu mpaka Voi, na kutoka Voi hushika basi la Mombasa. Akifika hospitali hupimwa damu. Chembe nyeupe za damu zikiwa zimeongezeka vya kutosha, hutundikiwa dripu ya dawa. Zikiwa bado chache, huambiwa arudi nyumbani angoje.

Dawa hizo ni kali. Hupiga chembe za mwili zinazogawanyika upesi, kwa maana ndivyo zilivyo chembe za saratani. Lakini mizizi ya nywele, ngozi ya ndani ya mdomo, matumbo na uboho wa mifupa navyo vina chembe za namna hiyo, basi huumia pamoja. Ndiyo sababu nywele hunyonyoka, mdomo hutoka vidonda, na chakula huwa na ladha ya chuma. Mama huyu alituambia kwamba hata chai, aliyoinywa tangu utoto wake, ilikuwa kama maji yaliyochemshiwa misumari.

Siku moja tulikwenda kumtazama, sisi na wazee wa kanisa. Tulidhani tutamkuta analia. Tulimkuta ameketi chini ya mwembe, kitambaa kichwani na redio mapajani, anacheka. Mjukuu wake alikuwa amepeleka ujumbe katika kipindi cha salamu, na mtangazaji amelitaja jina la Nyanya yake mbele ya nchi nzima. Akatueleza pia habari za ndovu anaowahesabu akiwa ndani ya basi, kati ya Voi na Maungu. Safari ya kwanza aliona wawili, safari ya pili hakuona hata mmoja, safari ya tatu aliona saba, na mmoja wao ni mtoto. "Na leo, Kasisi," akasema, "nimeionja iliki ndani ya chai."

Mzee mmoja kati yetu hakupendezwa. Akasema, "Mama, huu si wakati wa redio na ndovu. Ni wakati wa kutengeneza mambo yako na Mungu." Alisema kwa nia njema. Mama akaizima redio. Nasi tukafungua vitabu vyetu, tukaomba sala ndefu. Tulipokuwa tukiaga, akatushika mkono akauliza kwa sauti ndogo, "Kasisi, je, ni dhambi kufurahi nikiwa katika hali hii?"

Swali hilo lilitufuata njia nzima. Redio ile ilizimwa mbele ya macho yetu, nasi hatukusema neno.

Usiku ule tulisoma habari za Eliya. Nabii huyu alikuwa amesimama peke yake mbele ya manabii wa Baali, naye Mungu akamjibu kwa moto. Lakini Yezebeli alipoapa kumwua, alikimbia jangwani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amwondolee uhai wake. Alikuwa amechoka kabisa.

Je, Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea, wala hakumhubiria. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, naye akaona mkate wa moto na chombo cha maji karibu na kichwa chake. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na kumwambia ale, kwa sababu safari ilizidi nguvu zake. Maneno makubwa ya Mungu aliyasikia baadaye, mlimani Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini. Lakini asingefika Horebu bila mkate ule.

Angalieni, ndugu zangu. Mkate ule haukumwondoa Yezebeli. Hatari ilibaki pale pale, na jangwa lilibaki jangwa. Hata hivyo ulitoka kwa Mungu, nao ulimtosha Eliya kuinuka na kwenda. Ndivyo zilivyo furaha ndogo za mgonjwa. Iliki haiponyi saratani. Kuhesabu ndovu hakupunguzi uvimbe. Tusimdanganye mtu kwamba akicheka sana atapona, wala asiache dawa za hospitali kwa sababu leo anajisikia vizuri. Lakini mtu aliyeonja wema wa Bwana asubuhi ataweza kuikabili sindano ya mchana.

Basi wewe uliye mgonjwa, ukiamka uliza: Mkate wangu wa leo uko wapi? Labda ni jua la asubuhi kwa muda mfupi, au sauti ya mtoto anayesoma. Labda ni vijiko viwili vya kimanga laini. Chakula kikiwa na ladha ya chuma, jaribu kijiko cha mti. Kama mdomo hauna vidonda, tia ndimu kidogo. Upokee mkate huo bila kuona haya, umshukuru aliyekupa.

Na siku usiyoona furaha yoyote, lia. Bwana Yesu alilia Lazaro alipokufa, na Zaburi nyingi ni vilio. Furaha si kodi ambayo mgonjwa anadaiwa na wageni wake. Eliya aliomba afe, na hata hivyo aliletewa mkate.

Tena usifiche maumivu ukidhani kunyamaza ni imani. Mwambie daktari. Tangu Nairobi Hospice ilipoanzishwa mwaka wa 1990, huduma ya kutuliza maumivu imeenea katika hospitali nyingi za nchi yetu, wala si ya wanaokaribia kufa peke yao. Na joto la mwili likifika digrii 38 katika siku za dawa, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali mara moja, kwa maana wakati huo mwili hauna askari wa kutosha.

Nanyi mnaouguza, yawapasa kuwa kama malaika yule. Aligusa, akaleta chakula, akamwacha mtu alale, kisha akarudi. Mwenye mafua asiende kumwona mgonjwa. Nawa mikono yako, kaa muda mfupi, na sala yako iwe fupi vilevile. Muulize anapenda nini. Ukiweza, msaidie nauli. Na usiende mara moja tu, maana safari hii ni ndefu.

Juma lililofuata tulirudi kwa yule mama. Tulimwomba radhi, tukamsomea habari za Eliya, tukamwambia kwamba si dhambi. Mzee wetu hakusema mengi. Alitia mkono katika mfuko wa koti, akatoa betri mbili mpya, akasema, "Mama, hebu iwashe, nasi tusikie hizo salamu."

Matibabu ya mama huyu hayajaisha. Amebakiza dripu mbili, halafu ataanza mionzi, siku tano kila juma kwa majuma kadhaa. Mwisho wake anaujua Mungu. Lakini kila arudipo kutoka Mombasa, mzee yule humngoja njiani na kumwuliza, "Ndovu wangapi leo?"

Natuombe. Ee Bwana, uliyemlisha Eliya jangwani, uwaguse leo watumishi wako walio katika matibabu. Uwape usingizi, na mkate wa leo, na mtu wa kuwaletea. Utusamehe sisi tuliozima furaha yao. Uwape nguvu kwa safari iliyo mbele, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.