Mafuta ya Mimea na Ngozi ya Uso

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Kamati ya Miradi, siku chama kilipotimiza miaka kumi)

Wenzetu wameshasoma hesabu za hisa na mikopo, na ngoma mmeisikia. Sisi tumepewa neno moja tu, nalo ni mafuta. Msicheke. Tangu chama kianze kukamua mafuta na kuyauza kwa chupa, swali tunaloulizwa kuliko yote si la bei, ni hili: "Haya, usoni yanafaa?" Na mwaka huu limezuka swali jingine, zito zaidi. Tutalifikia.

Ngozi ya uso ni nyembamba kuliko ya mikono na miguu, na wapo wenzetu ambao nyuso zao hazitaki mchezo: zinawasha, zinakauka, zinatoka vipele kwa jambo dogo. Kila ngozi ina mafuta yake ya asili, yanayozuia unyevu usitoke na uchafu usiingie. Ukiosha uso kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, unayaondoa yote. Huku chini Ndanda tunayo maji yanayoshuka kutoka mlimani. Wenzetu wa juu, upande wa Newala, shida ya maji wameijua tangu enzi za bibi zao, na mtu mwenye ndoo moja ataosha uso haraka na povu litabaki. Sasa, mafuta hayaleti maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuyafungia yale yaliyomo. Ndiyo maana tunasema paka uso ungali na unyevu, matone mawili matatu, basi. Si mpaka ung'ae kama sufuria mpya.

Kuna maneno tunayasikia gulioni, eti mafuta ya mti hayadhuru kwa kuwa hayana kemikali. Jamani, sisi watu wa korosho ndio wa kudanganywa hivyo? Nani hapa hajaona mikono ya mama anayebangua? Ganda la korosho lina mafuta meusi makali, yanaunguza na kuchubua, na moshi wake ukichoma korosho macho yanavimba. Hayo nayo ni mafuta ya mmea, tena wa shamba lako mwenyewe. Wapo wanaoyapaka kwenye nyufa za miguu na sugu. Usoni hapana, hata tone. Na mtu ambaye korosho imemsumbua ngozi ajihadhari pia na utomvu wa embe, maana mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja.

Jingine ni mbono kaburi, ule unaopandwa uzio. Mbegu zake zina mafuta mengi, yanafaa kwa taa na hata kwa sabuni ya kufulia, lakini yana sumu inayochoma ngozi. Tunalitaja kwa sababu majina yanachanganya: mahali pengine mtu akisema "mbono" ana maana ya nyonyo, na nyonyo ni kitu kingine. Mafuta ya nyonyo safi bibi zetu wameyatumia miaka na miaka, na hata ule weusi wa chale za Wamakonde ulitoka kwenye nyonyo. Ni mazito, huganda usoni kama gundi, kwa hiyo changanya kidogo na mafuta mepesi. Lakini punje zake zikimezwa ni sumu. Usiziache watoto wakafika. Kwa hiyo ukinunua, uliza mti, usiulize jina tu.

Basi yapi yanafaa? Kwa uso mkavu na mwepesi wa kuwashwa, sisi tunaweka alizeti mbele, kisha ufuta wetu. Yote mawili ni mepesi, na alizeti hasa ina wingi wa aina ya asidi ambayo ngozi huitumia kujenga ule ukuta wake. Mwaka 2005 madaktari walitoa taarifa ya kazi waliyoifanya katika hospitali moja ya Dhaka, huko Bangladesh: watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizo ya damu machache kuliko wasiopakwa. Hao ni watoto wachanga, na ni mwili mzima, si uso wa mtu mzima. Lakini inaonyesha mafuta haya si ya kikaangoni tu. Mafuta ya zeituni, yanayosifiwa sana na kuuzwa ghali, kwa ngozi dhaifu yamekutwa yanalegeza ule ukuta. Nazi ya pwani ni nzuri kwa mwili na nywele, na wenye ngozi kavu huisifu. Mwenye chunusi aiache, inaziba vitundu. Karanga tunazo tele, lakini mafuta yake msiwapake watoto wenye ukurutu au pumu ya ngozi iliyochubuka: utafiti wa Uingereza wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa watoto waliopakwa dawa zenye mafuta ya karanga kwenye vipele walikuwa hatarini zaidi kuja kudhurika wakila karanga.

Hata hayo mazuri, yajaribu kwanza. Paka kidogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni kwa muda wa wiki moja. Pakiwasha au pakiwa pekundu, acha, kaangie mboga. Na mafuta yakinuka uchachu usiseme "ni ya usoni tu". Hayo ndiyo yanayowasha. Chupa nyeusi, mahali pa baridi, kijiko kisiwe na maji.

Yako mambo ambayo mafuta hayawezi. Hayazuii jua. Ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta maalumu ya jua, kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa KCMC Moshi. Na ukiona usoni baka lililopauka, ukiligusa hulisikii, usilipake ufuta wala nyonyo. Nenda hospitali yetu ya Mtakatifu Benedikto siku hiyo hiyo. Huenda ni ukoma, na dawa ya ukoma ni bure. Ukichelewa ndipo vidole na macho huharibika.

Sasa lile swali zito. Baadhi yetu wameuliza kwa nini chama kisikopeshe mtaji wa kununua mkorogo na krimu za kung'arisha, maana faida yake ni kubwa kuliko ya ufuta. Ni kweli, faida ipo. Lakini mkorogo ni nini? Mara nyingi ni zebaki, haidrokinoni, au dawa kali za ngozi zilizochanganywa bila kipimo. Zebaki hupita kwenye ngozi ikaingia mwilini, huharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Haidrokinoni huanza kwa kung'arisha, baadaye uso hutoka madoa meusi yasiyoondoka. Madaktari wa Afrika Kusini waliliandika hilo mwaka 1975. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokinoni vimekatazwa Tanzania, na tangu mwaka 2019 ukaguzi wa vipodozi uko mikononi mwa TBS. Kwa hiyo mkopo huo ukitoka, bidhaa ikikamatwa, hisa zinazopotea ni zetu sote. Na anayepaka ni nani? Ni binti wa mwenzako, kesho kutwa anakuja kukuuliza ulimuuzia nini.

Kamati inapendekeza hivi: mfuko wetu usitoe hata shilingi moja kwa biashara hiyo, na kila chupa ya chama iandikwe jina la mmea na tarehe ya kukamuliwa. Mtalipigia kura katika mkutano mkuu. Atakayepinga asimame aseme, tutamsikiliza.

Kwa leo, meza iko pale chini ya mwembe. Ufuta na alizeti vipo, kujaribu ni bure, mkononi siyo usoni.