INUKA, BABA, TUTEMBEE



Upande wa Bungoma nilimzuru mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Watoto wake wanampenda mno. Kwa upendo huo walimnyang'anya jembe, wakaajiri kijana wa kuchunga ng'ombe, wakamwambia, "Baba, pumzika sasa." Akapumzika. Nilimkuta kitini, chai imepoa, ugali hautaki, usiku hapati usingizi. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mimi nangoja tu."

Majirani walisema ni uzee. Sivyo! Huo ni ugonjwa wa huzuni, nao una dawa. Mwaka 1999 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa habari za wagonjwa 156 wa namna hiyo, wenye miaka 50 na zaidi. Wengine walipewa vidonge, wengine mazoezi mara tatu kwa juma, wengine vyote viwili. Vidonge viliwahi kuleta nafuu, lakini baada ya majuma 16 makundi yote yalikuwa karibu sawa.

Sisemi mtu atupe vidonge vyake. Aendelee navyo mpaka daktari aseme. Na mzee akinena habari za kujiua, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Nabii Eliya naye alilala chini ya mretemu akiomba kufa. Hakuhubiriwa kwanza. Alilishwa, akalala, akalishwa tena, ndipo akashika njia.

Basi, binti yake mzee wetu, aliyeolewa Kitale, alimchukua kwake. Baridi ya kule ilimsumbua, lakini mjukuu alimshika mkono kila asubuhi akitaka asindikizwe shuleni. Siku ya kwanza walifika langoni tu. Shirika la Afya Duniani hutaja dakika 150 kwa juma. Hesabu hiyo isiwatishe, anzeni na kumi. Mwenye magoti mabovu ainuke kitini na kuketi mara tano, akishika meza. Kifua kikiuma, aache na amwone daktari.

Juma la sita mzee alitaka kurudi kwake, akadai jembe lake. Watoto walinung'unika sana. Mwishowe wakampa lile dogo, pamoja na mistari miwili ya sukuma wiki.