Sekunde za Kusubiri: Selimundu na Mgusano wa Molekuli



Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake watatu, huko California, waliutangaza ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita siko seli, kuwa ni ugonjwa wa molekuli. Walipitisha umeme katika himoglobini ya wagonjwa na ya watu wazima wenye afya, wakaona zinasafiri kwa mwendo tofauti. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaionyesha tofauti yenyewe: palipotakiwa kuwa na asidi glutamiki, pana valini. Ni asidi amino moja tu, ya sita kati ya 146 zinazounda mnyororo wa beta wa himoglobini.

Vitabu vingi vya kiada huishia hapo. Mimi naanzia hapo, kwa sababu molekuli hiyo ya himoglobini ikiwa peke yake haimdhuru mtu. Hupokea oksijeni na kuiachia. Ugonjwa huanza pale molekuli mbili zinapogusana.

Asidi glutamiki hupenda maji, valini huyakimbia. Himoglobini ikishaachia oksijeni kwenye tishu, umbo lake hubadilika, na valini ya molekuli moja hupata kishimo ubavuni mwa jirani yake, mahali penye asidi amino nyingine zinazoyakimbia maji. Hujichomeka humo. Ya tatu hufuata, kisha ya nne, mpaka nyuzi 14 zikasokotana mithili ya kamba ya makumbi. Kamba hizo ndizo zinazoikakamaza seli nyekundu na kuipa umbo la mundu. Seli ya namna hiyo hukwama kwenye mishipa midogo, na badala ya kuishi siku 120 kama kawaida, hufa ndani ya wiki chache.

Hata hivyo kamba haisokotwi papo kwa hapo, na hapa ndipo penye kiini cha mhadhara wangu. Miaka ya 1970 William Eaton na James Hofrichter, huko Bethesda, Marekani, waligundua kwamba molekuli hizi husubiri kwanza, kisha husokotana kwa ghafla. Muda wa kusubiri hutegemea ukolezi wa himoglobini kwa kiwango cha kushangaza, hadi kipeo cha 30 hivi. Pigeni hesabu wenyewe: ukipunguza ukolezi kwa asilimia 10 tu, muda huo hurefuka zaidi ya mara 20. Na damu haikai muda mrefu kwenye kapilari. Hupita kwa sekunde moja au mbili, ikarudi mapafuni kuchukua oksijeni. Seli inayowahi kupita kabla kamba haijasokotwa imenusurika safari hiyo. Kwa hiyo mama anayemhimiza mwanawe mwenye siko seli anywe maji mengi anafanya kazi ya kikemia: anaizuia seli isikauke, ukolezi usipande.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu kwa kawaida huishi bila shida. Ndani ya seli zake himoglobini yenye kasoro haifiki nusu, na muda wa kusubiri huwa mrefu mno. Tena mtu huyo ana faida. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wabebaji wa jeni hii wana kinga ya kiasi dhidi ya malaria. Ndiyo maana aliikuta kwa wingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na kwa nadra sana nyanda za juu.

Kundi jingine linalonusurika ni la watoto wachanga. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto wa New York, alidokeza kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaugui kwa sababu bado wana himoglobini ya kijusi. Alikuwa sahihi. Himoglobini hiyo haiingii kwenye kamba. Ikichanganyika na yenye kasoro huuvuruga usokotaji. Bahati mbaya, ndani ya miezi michache baada ya kuzaliwa protini iitwayo BCL11A huinyamazisha jeni ya himoglobini hiyo. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 huizuia BCL11A katika seli zinazozalisha damu. Ni sayansi ya kupigiwa makofi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Kuna njia nyingine. Dawa ya haidroksiyurea ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869, ikaja kutumika kutibu saratani. Huongeza himoglobini ya kijusi na kuzifanya seli nyekundu kuwa kubwa zaidi, yaani hupunguza ukolezi. Wako waliohofu kwamba katika Afrika ingezidisha malaria. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliochapishwa mwaka 2019, uliwapa dawa hiyo watoto zaidi ya 600. Maumivu yalipungua, maambukizi yakapungua, vifo vikapungua, na malaria nayo ikapungua.

Nisieleweke kwamba kila anayeielewa molekuli hupata dawa. Vokseloto ilibuniwa kwa ustadi mkubwa ili himoglobini iing'ang'anie oksijeni na isibadilike umbo. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2019. Septemba 2024 mtengenezaji akaiondoa sokoni duniani kote, baada ya takwimu kuashiria vifo na maumivu makali zaidi kwa waliokuwa wakiitumia. Kwa maoni yangu, himoglobini isiyotaka kuachia oksijeni imeacha kazi iliyoajiriwa kuifanya.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kipimo cha tone la damu la kisigino kipo, na vidonge vipo. Naiomba serikali yetu ihakikishe kila mtoto anapimwa anapozaliwa, na haidroksiyurea inapatikana katika kila hospitali ya wilaya, kabla hatujaanza kuzungumzia mashine za kuhariri jeni.