Kipimo cha Data Kinapokosea Hesabu



Mlalamikaji wa kifurushi kilichoisha mapema huja na picha ya skrini: programu yake ya kufuatilia matumizi ya intaneti imehesabu MB 300, ilhali mtoa huduma amekata GB 1. Huenda anadai haki yake. Huenda pia kipimo kililala njiani, na ushahidi huo ukakataliwa siku ya kwanza.

Kwenye simu za Android, baadhi ya vipimo hivi huhesabu kwa kupitisha mawasiliano yote ndani yao kwa njia ya VPN, na ndiyo maana huonekana alama ya ufunguo juu ya skrini. Simu huruhusu VPN moja tu kwa wakati mmoja. Ukiwasha nyingine, labda ya kufungulia tovuti fulani, kipimo husimama, lakini data huendelea kutumika. Mfumo wa kuokoa chaji nao huweza kukizima usiku, saa zilezile ambazo programu nyingine hujisasisha. Fungua Mipangilio, kisha Programu, chagua kipimo, na upande wa betri ukiruhusu kufanya kazi bila vikwazo. Maneno hutofautiana kidogo kati ya simu na simu.

Aina nyingine husoma hesabu iliyotunzwa na simu yenyewe. Hiyo huhitaji ruhusa ya kuona matumizi. Usipoipa, huenda ikaonyesha sifuri. Kagua pia laini inayopimwa, kama simu ina laini mbili, na siku ya kuanza hesabu: mara nyingi ni tarehe 1 ya mwezi, wakati kifurushi chako cha siku 7 ulikinunua Jumatano jioni.

Kipimo hakina haja ya kusoma meseji wala majina ya watu uliowahifadhi. Kikiomba hayo, kiondoe.

Kujaribu ni rahisi. Zima Wi-Fi, andika namba inayoonyeshwa, tazama video kwa dakika 10, kisha angalia tena. Namba isipopanda, kipimo hakihesabu. Ikipanda, ilinganishe na ukurasa wa matumizi ya data ndani ya Mipangilio. Tofauti ndogo na hesabu ya mtoa huduma ni ya kawaida. Ya mara tatu si ya kawaida. Hapo mwandikie mtoa huduma kwanza, ukitaja saa uliyonunua kifurushi, saa kilipoisha na hesabu zote mbili, nawe utunze namba ya lalamiko utakayopewa.