Nchi ya Pwani ya Tanga na Mali Zake



Tumeombwa kunena juu ya nchi ya pwani ya Tanga, tangu Horohoro mpakani mwa Kenya hata Pangani. Hatuwezi kunena yote. Twataka kuonyesha jambo moja, ya kwamba mali ya nchi hii iandikwayo vitabuni siyo mali yake yote, wala siyo ile iliyodumu.

Iliyoandikwa zaidi ni katani. Mwaka 1893 Daktari Richard Hindorf, Mdachi, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Ilipitishwa Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yalienea mashamba ambayo mtu aliyesafiri kwa gari la moshi aliyatazama hata macho yakachoka. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno ya mwaka hayakufika tani 40,000. Manamba waliotoka Ubena, Kigoma, Umakonde na Urundi wengi hawakurudi kwao, na wajukuu zao ni watu wa Tanga kama sisi. Hiyo nayo ni faida, ingawa hakuna aliyeitia hesabuni.

Walakini pwani ilikuwa na kamba yake kabla ya mkonge. Makumbi ya nazi yalifukiwa matopeni hata yakaoza, yakapondwa, yakasokotwa na wanawake. Mnazi huo huo uliezeka nyumba kwa makuti na kuunga wali kwa tui. Makaburi ya nguzo yaliyopo Tongoni yatuonyesha ya kwamba watu walikaa hapa kwa heshima kabla ya meli za Wazungu, wakifanya biashara kwa pepo za kaskazi na kusi. Wadigo, Wasegeju na Wabondei wamechanganyika hapa na wageni wa kila namna, na lugha yao ya kukutania ni Kiswahili. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kusini ya mji, mwaka 1909, naye alikuwa karani wa Forodha. Tena ni katika mji huu Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika, mwaka 1922. Basi tusidhani kalamu na pwani ni vitu vigeni.

Sasa twaja kwenye mali isiyo na kitabu. Maji ya kunywa ya mji hutoka mto Zigi, nao Zigi hutoka katika misitu ya Usambara, upande wa Amani. Akatae mti kule humpunguzia maji mtu wa mjini ambaye hajapata kumwona. Mikoko huzuia mawimbi yasile nchi, na katika mizizi yake kamba na samaki wadogo hujificha hata wakue. Matumbawe ni nyumba ya samaki. Nyumba hiyo imebomolewa kwa baruti miaka mingi: mtu hutupa mara moja, huokota samaki wa siku moja, na mwamba huo huhitaji miaka mingi kupona. Twajua ya kuwa wengine hufanya hivyo kwa njaa, na wengine kwa tamaa ya wale wawauziao baruti. Hawa wa pili ndio tuwachukiao.

Tangu mwaka 2003 jarife za wavuvi wetu zimenasa silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani hata alipovuliwa Afrika ya Kusini mwaka 1938. Kwa ajili yake hifadhi ya bahari iliwekwa hapa mwaka 2009. Wavuvi waliuliza, na twaona waliuliza kwa haki, kama samaki asiyelika vizuri atalindwa kuliko watoto wao.

Nako Chongoleani jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2017 kwa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Tani za mafuta zitaandikwa kwa usahihi, hatuna shaka, na baadhi yetu ndio tutakaoziandika. Twaomba wanachama walio katika Forodha, Misitu na Uvuvi wakutane kabla ya mkutano ujao, wakubaliane ni nani atakayeandika habari za mikoko na matumbawe ya ufuo ule, na katika kitabu gani.