Asiyesikia Naye Acheze

Hotuba iliyosomwa ukumbini, Dar es Salaam, mbele ya wanachama wa hekalu na majirani, katika sherehe za maadhimisho



Nimepewa robo saa nizungumze juu ya michezo na burudani katika maisha ya jumuiya yetu. Najua wengi mnatarajia kriketi, na kriketi nitaigusa. Lakini nimemwomba Mwenyekiti ruhusa niwazungumzie zaidi wenzetu ambao kila sherehe huwamo ukumbini bila kuwamo katika shughuli yenyewe. Nao ni wale wenye upungufu wa usikivu, pamoja na ndugu zetu viziwi.

Sababu yangu si ya kificho. Mkutano mkuu ujao utaamua fedha zilizobaki za maadhimisho zitumikeje. Miongoni mwa mapendekezo lipo la kununua vipaza sauti vikubwa kuliko hivi, kwa hoja kwamba wazee wanalalamika hawasikii. Nia ya waliopendekeza ni njema, nami nawaheshimu. Hata hivyo naamini dawa hiyo haitibu ugonjwa huu, na ningependa tuizungumze leo kabla hatujafungua mfuko.

Kwanza tujue ukubwa wa jambo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilieleza kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kwamba takriban milioni 430 kati yao wanahitaji huduma ili waweze kuishi na hali hiyo. Shirika hilo husema pia kuwa miongoni mwa waliovuka umri wa miaka 60, zaidi ya robo wana upungufu mkubwa. Tazameni safu za mbele za ukumbi huu, walipoketi wazee wetu, nami nimo kundini humo kwa umri. Hesabuni mmoja katika kila wanne. Hao si wageni. Ni baba na mama zetu.

Sasa kwa nini kipaza sauti kikubwa hakitoshi? Usikivu wa uzeeni huanza kupungua katika sauti nyembamba. Irabu, ambazo ni nzito, mzee huzisikia vizuri. Zinazompotea ni konsonanti nyepesi kama s, f, t na sh. Chukueni maneno mawili ya Kiswahili: sita na tisa. Irabu zake ni zilezile, na kilichobadilika ni mahali pa s na t tu. Kwa sikio lililochoka, maneno hayo mawili ni neno moja. Ukiyapaaza mara mbili, atasikia neno hilohilo moja kwa kelele mara mbili. Tena sikio lililodhoofika huumizwa upesi na sauti kubwa, na ndiyo maana mzee aliyelalamika kwamba hasikii ndiye huyohuyo anayelalamika kwamba mnampigia kelele. Hajipingi. Yote mawili ni kweli.

La pili ni ukumbi wenyewe. Nimeuza vifaa vya ujenzi kwa miaka mingi, na marumaru ni biashara yangu, kwa hiyo naweza kuyasema haya bila kuonewa shaka ya husuda: marumaru sakafuni na ukutani hupendeza macho lakini huirudisha sauti kama mpira. Neno la kwanza halijafa, la pili limekwisha lipanda mgongoni. Anayevaa kifaa cha usikivu, ambacho wengine hukiita shime sikio, hupata taabu maradufu, kwa kuwa kifaa hicho hukuza pamoja na maneno vishindo vya sahani, viti na feni. Mapazia mazito, mikeka na zulia hupunguza mwangwi kwa gharama ndogo kuliko spika moja kubwa. Tena Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka kiwango kwa kumbi za burudani, kwamba wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Tukiongeza ukubwa wa spika katika siku tisa za Navratri, tutakuwa tunawaandaa vijana wetu wawe wagonjwa wa kesho.

Upungufu wa usikivu hauji na maumivu, wala hauvai bandeji. Mtu huanza kwa kuuliza, "Umesemaje?" mara mbili. Mara ya tatu huona haya, akatabasamu na kuitikia asilolisikia. Watu wakicheka, hucheka nao baada yao. Mwishowe huona afadhali abaki nyumbani, nasi husema, "Mzee siku hizi hapendi watu." Watu anawapenda sana, anachokikimbia ni aibu ya kujibu swali ambalo hakuulizwa. Na upweke huo una gharama ya kiafya. Jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, liliutaja upungufu wa usikivu miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, na ambayo binadamu anaweza kuyarekebisha.

Kwa watoto mambo huwa magumu kwa namna nyingine. Kiswahili chetu hutumia neno moja, kusikia, kwa maana ya sikio na kwa maana ya utii. Tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi mtoto ambaye masikio yake hayapati sauti huitwa mkaidi, na pengine huchapwa, kabla hajapelekwa kupimwa. Nawaomba wazazi na walimu: mtoto "asiyesikia" apimwe kwanza masikio, tabia yake ijadiliwe baadaye.

Mtaniuliza michezo inaingiaje hapa. Inaingia kwa sababu mchezo ni mahali ambapo watu hukutana bila kulazimika kuzungumza sana. Mwaka 1924, jijini Paris, wanamichezo 148 kutoka mataifa tisa walikutana kwa michezo ya kwanza ya kimataifa ya viziwi. Leo michezo hiyo huitwa Deaflympics, na ya mwaka 2025 imefanyika Tokyo. Washiriki huvua vifaa vya usikivu ili wote wawe sawa. Mita mia moja hubaki mita mia moja, na goli hubaki goli. Kilichobadilika ni ishara tu: mahali pa bastola ya kuanzishia mbio huwashwa taa, na mwamuzi wa kandanda huinua bendera pamoja na kupuliza filimbi. Somo lake kwetu ni jepesi. Mchezo usipunguzwe wala usirahisishwe kwa huruma. Ishara ya sikio igeuzwe iwe ya jicho au ya mguso.

Tukitazama michezo yetu kwa jicho hilo, tutaona kwamba mingi imekwisha kuwa tayari. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna hata kete moja inayohitaji sikio. Drafti na keram ni vivyo hivyo. Tiara tunazorusha tarehe 14 Januari huamuliwa angani, mbele ya macho ya wote. Aliyekatwa uzi ameonekana kabla hajazomewa. Katika kho-kho, mkimbizaji humgusa mwenzake mgongoni na kutamka "kho". Mguso peke yake watosha. Kriketi nayo, mwamuzi wake huzungumza kwa mikono tangu zamani: mikono miwili juu ni mikimbio sita, kidole kimoja ni kutoka. Wapigaji wawili wakikubaliana kuinua mkono badala ya kuitana, kijana kiziwi ataingia timuni kesho asubuhi.

Ipo michezo inayohitaji marekebisho. Tambola tunayoipenda siku za Diwali huendeshwa kwa kutamka namba, na hapo ndipo sita na tisa zinapowadhulumu wazee wetu. Tuweke ubao mkubwa, namba iandikwe kabla ya kutamkwa, na mtangazaji asimame penye mwanga akiwatazama watu. Katika mchezo wa viti, muziki ukizimwa na taa nayo izimwe. Katika kombolela, aliyekomboa apunge kitambaa pamoja na kupiga kelele. Antakshari, mchezo wa kupokezana nyimbo, sijui namna ya kumfaa asiyesikia kabisa. Basi usiwe mchezo pekee wa jioni, na uchezwe sambamba na mwingine anaoweza kuuchagua bila kujitenga.

Dandia ndiyo wengi hudhani haiwezekani. Lakini mtu asiyesikia hupokea mapigo ya ngoma kwa miguu na kifua, na huupata mwendo kwa kumtazama aliye mbele yake. Zege na marumaru huyaua mapigo hayo. Sakafu ya mbao huyafikisha. Tukitandika jukwaa la mbao katikati, mpiga dholi akakaa juu yake, na kiongozi wa mzunguko akavaa kitambaa cha rangi kinachoonekana, duara halitamwacha mtu. Mbao hizo nitazitoa mimi.

Kuhusu maongezi na chakula, madogo ndiyo makubwa. Meza za duara ni bora kuliko za safu, maana kila mmoja huona midomo na mikono ya mwenziwe. Mwanga usiwe nyuma ya msemaji. Mguse mtu begani taratibu kabla hujaanza kusema, usimsemeshe kutoka kisogoni. Sema kwa mwendo wa kawaida bila kupayuka. Akikuuliza tena, geuza maneno badala ya kuyarudia yaleyale. Na neno moja naomba tulifute vinywani mwetu: "Basi, si muhimu." Anayeambiwa hivyo huelewa kwamba asiye muhimu ni yeye.

Ndugu zetu viziwi wa mtaani, ambao wengi wetu tunawajua kwenye karakana na maduka, wana hali tofauti na ya mzee aliyepungukiwa uzeeni. Wao wana lugha kamili, Lugha ya Alama ya Tanzania, nao hawahitaji kuhurumiwa. Wasiitwe mabubu, wana mengi ya kusema. Dukani kwangu huwa tunaelewana kwa kikokotoo: mimi naandika bei, yeye anaandika yake, na nakiri kwamba katika kupunguziwa bei wananishinda. Lakini biashara si urafiki, na kikokotoo hakiulizi habari za nyumbani. Jiji letu lina Shule ya Msingi Buguruni Viziwi, na nchi ina Chama cha Viziwi, CHAVITA. Tuwaendee, tukodi mkalimani wa lugha ya alama na tumlipe kama tunavyomlipa mpishi na mpiga muziki. Na zaidi ya mkalimani, viziwi wenyewe wawemo katika kamati ya kupanga, kwa maana anayevaa kiatu ndiye ajuaye kinapobana.

Hili si fadhila. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, katika Ibara ya 30 unataja haki ya kushiriki utamaduni, burudani na michezo kwa usawa na wengine. Nasi wenye hekalu tuna ushahidi wa karibu zaidi. Ibada yetu haikumtegemea mwenye sikio peke yake. Kengele ni ya sikio, mwali wa aarti ni wa jicho, ubani na maua ni vya pua, prasad ni ya ulimi, na joto la mwali tunalipokea kwa viganja. Waliotutangulia walifungua milango yote mitano. Tukiingia ukumbini kwa sherehe, tumebaki na mlango mmoja wa sikio, tena tunataka kuupanua kwa spika.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mambo matatu. La kwanza, ununuzi wa vipaza sauti uahirishwe, na sehemu ya fedha hizo inunue mapazia, mikeka, ubao wa kuandikia, bendera na taa. La pili, Jumapili moja kila mwezi, alasiri, ukumbi huu uwe wazi kwa bao, keram, drafti, tambola na chai, kwa wanachama na majirani wa dini zote, wanaosikia na wasiosikia, wakiketi meza moja. La tatu, fedha ya mkalimani iingizwe katika bajeti ya mwaka, isiwe ya kuombwaombwa. Baada ya miezi sita tuhesabu tofauti, kama tunavyohesabu mali dukani: ni nani waliorudi ambao walikuwa wameacha kuja? Wakiwa hata watano, mimi nitaihesabu faida.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jambo hili mgeni na mwenyeji ni mtu mmoja, kwa sababu kila mmoja wetu, akijaliwa umri, anaelekea kwenye kiti hicho cha mbele. Tukiweke mahali ambapo mchezo unaonekana.