RASILMALI SI FAIDA

(Hotuba ya mwenye duka mmoja wa Samuye, mkoa wa Shinyanga, mbele ya hadhara ya wanakijiji)



Mimi nimesoma chuoni kwa mwalimu, kisha nikasomeshwa na mizani na daftari ya duka. Daftari hiyo imenifunza jambo moja: mwenye duka anayekula rasilmali yake akidhani anakula faida huonekana tajiri mpaka siku duka litakapokuwa tupu.

Dhahabu, almasi na mafuta ni rasilmali. Pamba huoteshwa kila mwaka, almasi haioteshwi.

Huko Bunyoro, Uganda, mafuta yalivumbuliwa mwaka 2006. Bomba la kuyaleta kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 zimo katika nchi yetu. Linapita Geita, linapita na mkoa wetu huu; na kiwanda cha kuyavika mabomba kinga ya joto kilifunguliwa Sojo, wilaya ya Nzega, mwaka 2024. Furaha ni kubwa. Lakini mwenye shamba hulipwa fidia mara moja tu, na kibarua wa mtaro huondoka mtaro ukisha kufukiwa. Jee, kitabaki nini?

Hatuna haja ya kupiga ramli. Almasi za Mwadui zilivumbuliwa mwaka 1940, zikavaliwa na wafalme. Tazameni wenyewe vijiji vilivyo jirani nazo. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, ukafungwa mwaka 2021. Shauri la kuligeuza eneo lile kuwa la viwanda lilipata nguvu wakati dhahabu imekwisha.

Nabii Yusuf hakungoja njaa ndipo ajenge ghala. Alijenga katika miaka ya neema.

Sheria ya mwaka 2017 ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka 4 hadi 6 kwa mia, ikaipa Serikali hisa zisizopungua 16 kwa mia, ikamlazimisha mwenye mgodi kupatana na halmashauri juu ya mpango wa kuwafaa wananchi. Sheria ni njema. Lakini mpango usiosomwa mbele ya wenyewe ni daftari iliyofungiwa sandukuni.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kwanza, fedha zinazoingia zitangazwe kila mwaka katika mkutano wa kijiji. Pili, fungu lililo wazi litengwe kwa vitu vitakavyoishi baada ya mgodi: maji, shule za ufundi, na viwanda vya pamba yetu. Tatu, mpango wa siku ya kufunga mgodi uandikwe siku ya kuufungua.

Na ndugu zetu wa Visiwani, waliopata sheria yao ya mafuta na gesi mwaka 2016, wana bahati tuliyoikosa sisi: wanaweza kuifungua daftari kabla ya pipa la kwanza kutoka. Wasiipoteze.